Rekodi ya LOC inapogoma: dalili, visababishi na marekebisho ya taarifa za mahali ndani ya DNS

Wengi tunaijua DNS kwa kazi moja, kugeuza jina la kikoa kuwa anwani ya IP. Lakini humo humo kuna aina ya rekodi inayobeba mahali kitu kilipo duniani: latitudo, longitudo na kimo. Inaitwa LOC, ni aina namba 29, na imeelezwa katika waraka wa kiufundi wa intaneti, RFC 1876 wa Januari 1996, ulioandikwa na Davis, Vixie, Goodwin na Dickinson. Hadhi yake mpaka leo ni ya majaribio, ila BIND na programu nyingine nyingi za DNS zinaielewa vizuri. Wanaoitumia ni mafundi wa mitandao, vyuo, na wenye minara au vituo vya hali ya hewa wanaotaka kila kifaa kijieleze kilipo.

Huu hapa ni mstari mmoja mzima, wa seva iliyo katikati ya Dar es Salaam. Nitaurudia mara kadhaa huko mbele:

seva.example.com. 3600 IN LOC 6 48 57.960 S 39 16 49.440 E 15m 1m 10000m 10m

Soma kutoka kushoto: jina, muda wa kuhifadhi jibu kwa sekunde (TTL), aina ya rekodi (IN LOC), kisha digrii, dakika na sekunde za latitudo, herufi ya upande, kisha longitudo vivyo hivyo, kisha kimo. Namba tatu za mwisho ni ukubwa wa kitu, usahihi wa mlalo na usahihi wa wima. Sasa tuingie kwenye dalili.

"LOC yangu iko sawa, lakini mitandao bado inasema seva iko nchi nyingine"

Naliweka lalamiko hili mbele kwa sababu linakula muda wa watu bure. Mtu anaandika rekodi vizuri, anasubiri siku mbili, anaona tovuti za kukagua IP bado zinasema seva yake iko Johannesburg au Amsterdam, anaanza kuhangaika na faili la zoni, yaani lile lenye rekodi za kikoa chake, ambalo halina kosa lolote.

Sababu ya kwanza, na karibu kila mara ndiyo hiyo hiyo: tovuti hizo haziisomi LOC. Zinatumia hifadhidata za mahali pa anwani za IP, ambazo kampuni huzikusanya kutoka kwenye kumbukumbu za usajili wa anwani, vipimo vya muda wa safari ya pakiti na vyanzo vingine. LOC ni tamko la mwenye kikoa. Hakuna anayelihakiki, na hakuna anayelazimika kulifuata.

Ukaguzi mwepesi: tafuta anwani yako ya IP kwenye WHOIS (kitafutio cha kumbukumbu za usajili) ya AFRINIC, shirika linalogawa anwani za IP Afrika, uone imeandikwa nchi gani. Ikiwa nchi ni tofauti, umeshapata chanzo. Marekebisho ya kina ni mwenye anwani kuchapisha orodha ya mahali kwa mpangilio wa RFC 8805 wa mwaka 2020. Kila mstari wake huwa hivi:

192.0.2.0/24,TZ,TZ-02,Dar es Salaam,

Kiungo cha orodha hiyo huwekwa kwenye kumbukumbu ya anwani huko AFRINIC ili wakusanyaji waione. Hapo ndipo mwenye seva ya kukodi anapaswa kusimama: anwani si zako, ni za aliyekukodisha. Mwandikie yeye.

Jamaa wa karibu wa tatizo hili ni lile la "wateja wangu wa Mwanza wanapelekwa kwenye seva ya Ulaya". LOC haihusiki hata kidogo. Mitandao ya kusambaza maudhui humpanga mteja kwa kuangalia rizolva (seva inayomtafutia majibu ya DNS) anayoitumia, na wakati mwingine kipande cha anwani ya mteja kinachotumwa pamoja na swali, utaratibu ulioelezwa katika RFC 7871 ya mwaka 2016. Mwambie mteja ajaribu rizolva ya mtoa huduma wake wa intaneti badala ya ile ya mbali, kisha mlinganishe.

"Nikiuliza LOC sipati kitu"

Uliza hivi kwanza kwa dig, programu ya kuuliza DNS:

dig seva.example.com LOC

Usikimbilie kusema "hakuna jibu". Tazama hali iliyoandikwa juu ya majibu. NXDOMAIN maana yake jina lenyewe halipo. NOERROR yenye majibu sifuri maana yake jina lipo ila halina LOC. SERVFAIL maana yake kuna kitu kimevunjika, na hiyo tutaifikia mwishoni.

Ukipata NXDOMAIN, mtuhumiwa wa kwanza ni nukta iliyosahaulika mwishoni mwa jina. Ndani ya faili la zoni, jina "seva.example.com" lisilo na nukta ya mwisho huongezewa jina la zoni, likawa seva.example.com.example.com. Jaribu kuuliza jina hilo refu. Likijibu, umemaliza uchunguzi.

Ukipata NOERROR bila majibu, angalia kwa mfuatano huu. Je, ulipandisha namba ya toleo kwenye SOA, rekodi inayobeba taarifa kuu za zoni? Bila hiyo seva za pili, zinazonakili zoni kutoka seva kuu, hazitachukua badiliko, na utapata jibu kutoka seva moja na kukosa kutoka nyingine. Kagua kwa kuuliza kila seva rasmi (ile yenye zoni yako yenyewe, si kache) moja kwa moja, `dig @ns1.example.com seva.example.com LOC +norecurse`, kisha ns2, na kuendelea. Je, zoni ilipakiwa upya baada ya kuhariri? Je, uliuliza rekodi kabla hujaiweka? Jibu la "hakuna" nalo huhifadhiwa kwenye kache, kwa muda unaotokana na SOA ya zoni yako (RFC 2308 ya mwaka 1998). Kama SOA inasema saa moja, subiri saa moja, hakuna dawa nyingine upande wako.

Kisababishi cha nadra zaidi ni jina kuwa na CNAME, rekodi inayolielekeza kwa jina lingine. Jina lenye CNAME halibebi rekodi nyingine za kawaida kando yake, hivyo LOC iweke kwenye jina lile linaloelekezwa.

"Baada ya kuongeza LOC, zoni nzima imekataa kupakiwa"

Onyo kabla ya yote: usiwashe upya seva ya DNS. BIND ikipewa agizo la kupakia upya na ikakuta kosa, huendelea kutoa toleo la zamani lililo kwenye kumbukumbu. Ukiizima na kuiwasha, toleo hilo linapotea, na tovuti na barua pepe vinaweza kuanguka pamoja kwa sababu ya mstari mmoja wa mahali. Endesha kwanza:

named-checkzone example.com /etc/bind/db.example.com

Itakutajia namba ya mstari wenye kosa. Ukishaufikia mstari wenyewe, visababishi ni hivi, kwa uzoefu wangu kuanzia ule wa kila siku.

Alama zilizonakiliwa kutoka kwenye ramani. Ramani za mtandaoni hukupa 6°48'58.0"S 39°16'49.4"E, na mtu anabandika kama ilivyo. LOC haitaki alama ya digrii wala ya dakika, na ile alama ya sekunde ni nukuu, ambayo kwenye faili la zoni hufungua maandishi. Acha nafasi tupu peke yake kati ya namba.

Kimo hakipo. Dakika na sekunde unaweza kuziacha, ukubwa na usahihi pia, lakini kimo ni lazima hata kama ni 0m. Na usitenganishe "15 m": hiyo "m" iliyobaki peke yake itasomwa kama thamani inayofuata.

Nukta mahali pasipotakiwa. Digrii na dakika ni namba kamili. Sekunde tu ndizo zinazoruhusiwa desimali, hadi tarakimu tatu. Simu ikikupa -6.8161, 39.2804 inabidi ubadilishe kwa mkono: toa 6, zidisha 0.8161 kwa 60 upate 48.966, toa 48, zidisha 0.966 kwa 60 upate 57.96. Alama ya kutoa inaondoka, inageuka kuwa herufi S.

Mkato badala ya nukta. Hili linawakuta sana wenzetu wa Goma, Bukavu na Bujumbura ambao kompyuta zao zimepangwa kwa Kifaransa: 57,960 lazima iwe 57.960. Herufi nazo ni N, S, E na W tu. "O" ya magharibi kwa Kifaransa haikubaliki, na kifupi cha Kiswahili hakikubaliki pia.

Halafu kuna lile la sekunde 60. Skripti inabadilisha 6.8, na kwa kuwa kompyuta haiwezi kuhifadhi 0.8 kwa ukamilifu, inapata dakika 47 na sekunde 59.99999, kisha inazungusha na kuandika "6 47 60.000 S". Kikomo ni 59.999. Rekebisha skripti ibadilishe kwanza kila kitu kuwa elfu za sekunde kwa namba kamili, ndipo igawanye. Usirekebishe mstari mmoja mmoja kwa mkono, kwa maana kosa litarudi kwenye kituo kinachofuata.

"Rekodi inajibu, lakini nukta kwenye ramani iko mahali pa ajabu"

Hapa ndipo penye utamu, kwa sababu mahali pa makosa hutaja kosa lenyewe. Chukua mstari wetu wa Dar es Salaam.

Nukta ikitua kwenye milima ya Bale, Ethiopia, kilomita kama 1,500 kaskazini, umeandika N badala ya S. Kosa hili hutokana na kunakili mifano ya Marekani na Ulaya, ambako kila kitu ni N. Nairobi ikiandikwa N itatua jirani na Maralal, Samburu, na hapo ni hatari zaidi kwa sababu bado ni Kenya na mtu anaweza asishtuke. Nukta ikitua jimbo la Ceará nchini Brazil, S iko sawa ila umeandika W badala ya E. Ikitua katikati ya Atlantiki upande wa kaskazini, herufi zote mbili ni za mfano wa Marekani. Na ikitua Atlantiki ya kusini, mbali huko kusini-magharibi mwa Cape Town, umegeuza latitudo na longitudo: 39 imekaa mahali pa 6.

Kosa dogo zaidi ni nukta kusogea kilomita 20 hivi mashariki, ndani ya Bahari ya Hindi. Huyo ameisoma 39.2804 kama digrii 39, dakika 28, sekunde 04. Desimali si dakika. Digrii 0.28 ni dakika 16 na ushee.

Walio karibu na ikweta wana kosa lao peke yao. Kisumu iko takriban -0.0917, 34.7680. Skripti ikichukua sehemu kamili ya -0.0917 inapata sifuri, na sifuri haina alama ya kutoa, kwa hiyo inaandika N. Seva ya Kisumu inavuka ikweta na kutua upande wa Vihiga, kilomita 20 kaskazini. Skripti ile ile itafanya kazi bila dosari kwa Mombasa na Dodoma, na itafanya kazi kwa Kampala ambayo kweli ni N, ila Masaka, iliyo kusini kidogo ya ikweta, itaharibika. Dawa: soma alama ya namba kabla hujaigawa, na ijaribu skripti yako kwa Kisumu au Masaka kabla ya kuiamini.

Nukta ikiwa pembeni kwa mita mia tatu hivi, na kila herufi iko sawa, uliza vipimo vilitoka wapi. Ramani za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania zimechorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali LOC hutumia WGS 84, ule wa GPS. Zibadilishe kwa programu ya ramani. Na kama karatasi ina namba ndefu za tarakimu sita na saba, hizo ni mita za UTM, si digrii kabisa. Kwa kiwanja au mnara wenye mipaka ya kisheria, acha kubahatisha, mwite mpimaji ardhi aliyesajiliwa.

Ukitaka kuondoa shaka kama kosa liko kwenye rekodi au kwenye programu inayochora ramani, tazama baiti zenyewe:

dig +unknownformat seva.example.com LOC

Kwa mstari wetu utaona baiti 16, hivi:

\# 16 00121613 7E899498 886DBCA0 00989C5C

Kundi la pili ni latitudo, la tatu ni longitudo, kwa elfu za sekunde. Ikweta imewekwa kwenye namba 2 kwa kipeo cha 31, yaani 80000000 kwa heksadesimali. Kilicho kusini ni pungufu ya hapo, kilicho kaskazini ni zaidi. Longitudo vivyo hivyo, mashariki ni zaidi. Kwa hiyo mahali popote Afrika Mashariki kusini mwa ikweta, kundi la pili lazima lianze na 7 na la tatu lianze na 8. Ukikuta zote mbili zinaanza na 8 na wewe uko Dodoma, rekodi ndiyo yenye kosa, ramani haina hatia. Napenda sana ukaguzi huu. Hauhitaji hesabu, na unamaliza ubishi kati ya fundi wa DNS na fundi wa ramani kwa sekunde chache.

"Kimo hakieleweki"

Futi ndizo zinazoongoza. Nairobi iko mita 1,795, ambazo ni futi 5,889. Ukiandika 5889m umeipandisha seva hadi mita sita tu chini ya kilele cha Kilimanjaro. LOC ni mita siku zote.

Kisababishi cha pili si kosa. LOC hupima kimo kutoka kwenye umbo la dunia la WGS 84, si kutoka usawa wa bahari, na kwenye pwani yetu uso wa bahari uko chini ya umbo hilo kwa makumi ya mita. Kwa hiyo kifaa cha GPS kilichoko Zanzibar kikikupa kimo hasi, kiandike hivyo hivyo. Rekodi inakubali hadi mita 100,000 chini. Ile 15m kwenye mfano wetu ingekuwa ya usawa wa bahari, ingebidi irekebishwe kabla ya kuitwa sahihi.

"Namba zinazorudi si nilizoandika"

Ukiishia kwenye kimo bila namba tatu za mwisho, dig itakuonyesha pia 1m, 10000m na 10m. Hizo ni thamani za msingi, hazina tatizo. Ukiandika 25m ikarudi 20m, ni kwa sababu ukubwa na usahihi huhifadhiwa kama tarakimu moja na kipeo cha kumi. 2 na 5 haziingii pamoja. Chagua 20m au 30m. Kumbuka pia kuwa usahihi huo ni kipenyo cha duara la makosa, si nusu yake.

"Paneli ya msajili haina chaguo la LOC"

Paneli nyingi hazinalo. Kama inaruhusu kupandisha faili la zoni, tumia umbo la RFC 3597: andika TYPE29 badala ya LOC, kisha baiti zile 16 kama nilivyozionyesha. Kama hairuhusu hata hilo, una njia mbili: kuhamisha DNS kwa mtoa huduma mwingine, au kuachana na LOC. Kuhamisha DNS ya kikoa chenye barua pepe za ofisi kwa ajili ya rekodi hii tu, mimi sikushauri.

"Rekodi imeonyesha zaidi ya nilivyotaka"

Sekunde moja ya digrii ni kama mita 31 ardhini. LOC yenye sekunde za desimali inataja nyumba, wakati mwingine chumba, na yeyote duniani anaweza kuisoma. Wengi wanadhani ile 10000m inaficha mahali. Haifichi. Namba kamili iko pale pale, usahihi ni maelezo tu. Ukitaka kuficha, ondoa sekunde zenyewe: "6 49 S 39 17 E 0m" inatosha kusema uko Dar es Salaam.

Kama seva iko nyumbani kwako, kwenye kliniki, au kwenye makazi ya wanawake waliokimbia ukatili, futa LOC leo. Pandisha namba ya toleo, pakia upya, hakikisha seva zote rasmi zimeacha kuijibu, kisha subiri TTL iishe. Lakini wapo wanaokusanya na kuhifadhi majibu ya DNS ya zamani, kwa hiyo kufuta hakurudishi siri iliyokwisha kutoka. Pale ambapo usalama wa mtu uko hatarini, hilo si la kutatuliwa na faili la zoni peke yake: zungumza na mtaalamu wa usalama na wahusika wa eneo hilo kabla ya jambo lingine.

Wapi uache mikono

Ukikuta zoni imesainiwa kwa DNSSEC, utaratibu wa kusaini rekodi ili zisighushiwe, usihariri faili lenye saini kwa mkono. Hariri lile lisilosainiwa na uache programu isaini upya. Kama hujui lipi ni lipi, simama hapo. Ukipata SERVFAIL kwa jina zima na si kwa LOC tu, jaribu `dig example.com SOA +cd`, inayoomba saini zisikaguliwe. Ikijibu kwa +cd na kukataa bila +cd, saini zimevunjika au rekodi ya DS (alama ya ufunguo wa saini) kwa msajili hailingani nazo. Usifute DS kwa kubahatisha. Mwite anayesimamia DNS yako au msajili wako.

Simama pia kama seva rasmi za kikoa zinatoa majibu yanayopingana hata baada ya namba ya toleo kulingana, au kama umekuta LOC ambayo hakuna mtu wa ofisini aliyeiweka. Hiyo ya mwisho ina maana mtu mwingine ana funguo za zoni, na kinachofuata ni kubadilisha nywila za paneli na kuita mtu wa usalama.

Unapompigia mtaalamu, uwe na mambo manne mkononi: majibu kamili ya dig kutoka kila seva rasmi, mstari wa LOC kama ulivyo kwenye faili, namba ya toleo ya sasa kwenye SOA, na saa uliyofanya badiliko la mwisho.